Mshindi wa Kike katika Mbio za Klabu: Saiklokrosi ya Wanawake Nchini Uingereza na Suala la Kuhesabu Ushindi

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya ushindi wa mwanamke katika mbio za saiklokrosi za ngazi ya klabu nchini Uingereza. Aghalabu historia ya mchezo huu kwa upande wa wanawake huanzia mwaka 2000, ulipofanyika ubingwa wa dunia wa kwanza wa wanawake. Makala inadai kwamba tarehe hiyo ni mwanzo wa ubingwa tu, na kwamba mchezo wenyewe ulikwisha kuwa na wanawake walioshindana na kushinda katika viwanja vya klabu, mara nyingi wakiwa ndani ya mbio zilizopangwa kwa ajili ya wanaume. Kwa kuchambua kanuni za mchezo, namna mbio zinavyoanzishwa na namna matokeo yanavyoandikwa, makala inaonesha kwamba ushindi wa mwanamke katika saiklokrosi hutegemea uandishi wa matokeo kuliko ilivyo katika mbio dhidi ya saa. Hivyo, karatasi ya matokeo ya mbio ndogo ni ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa kwa makini.

1.0 Utangulizi

Saiklokrosi ni mbio za baiskeli zinazofanyika majira ya vuli na baridi katika njia fupi ya kuzunguka, yenye majani, tope, mchanga, vilima vifupi na viunzi. Mshindani huendesha panapoendesheka, na panapomshinda hushuka, akaibeba baiskeli begani na kukimbia nayo hadi atakapoweza kupanda tena. Chimbuko la mchezo huu ni Ufaransa. Daniel Gousseau anatajwa kuwa ndiye aliyeandaa ubingwa wa kwanza wa taifa wa Ufaransa mwaka 1902. Mchezo ulipata sifa zaidi baada ya Octave Lapize kushinda Tour de France mwaka 1910 na kueleza kuwa mazoezi yake ya majira ya baridi katika saiklokrosi yalimsaidia. Mwaka 1950 ubingwa wa dunia wa wanaume ulifanyika kwa mara ya kwanza jijini Paris, na mshindi alikuwa Jean Robic, aliyekwisha kushinda Tour de France ya mwaka 1947.

Ubingwa wa dunia wa wanawake ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2000 katika mji wa Sint-Michielsgestel nchini Uholanzi. Kati ya tarehe hizi mbili kuna miaka 50. Maandishi mengi kuhusu mchezo huu huipita miaka hiyo kwa sentensi moja au mbili, kana kwamba wanawake walikuwa nje ya uwanja wakisubiri kufunguliwa lango. Swali linaloongoza makala hii ni hili: ikiwa ubingwa wa dunia haukuwapo, ushindi wa mwanamke ulikuwa nini, ulitokea wapi, na nani aliuandika?

Uingereza imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo wa baiskeli nchini humo umejengwa juu ya klabu za wanamichezo wa ridhaa, ambao hufanya kazi siku za wiki na kushindana mwisho wa wiki. Pili, mwanamke Mwingereza aliyetoka katika mazingira hayo alipanda jukwaani katika ubingwa ule wa kwanza wa mwaka 2000. Kisa hiki kinaruhusu kufuatilia uhusiano kati ya uwanja mdogo wa klabu na uwanja wa dunia bila kudhani kwamba wa kwanza ni kivuli tu cha wa pili.

2.0 Klabu na Mwanamke Mwendesha Baiskeli

Kabla ya kuizungumzia saiklokrosi yenyewe, ni muhimu kueleza nafasi ya klabu katika maisha ya mwendesha baiskeli wa Uingereza. Klabu ndiyo inayomsajili mwanachama, kumfundisha kuendesha ndani ya kundi, kumwandikisha katika mbio na kumpa jezi. Klabu hiyohiyo huandaa mbio zake mara moja au zaidi kwa mwaka. Wanachama wake hupigilia vigingi, hufunga utepe wa kuonesha njia, huandikisha washindani, hutunza saa na kupika chai. Mtu anayeshinda Jumapili hii huenda Jumapili ijayo akawa amesimama kwenye kona akipeperusha bendera kwa ajili ya wengine. Ushindi wa klabu, kwa hiyo, hupatikana mbele ya watu wanaomjua mshindi na wanaojua jinsi mbio zilivyoandaliwa.

Wanawake walikuwamo katika klabu hizi muda mrefu kabla vyombo vya kimataifa havijawatambua. Eileen Sheridan wa Coventry Cycling Club alipata sifa kama mwanachama wa ridhaa kabla ya kuwa mwendeshaji wa kulipwa. Mwaka 1954 aliendesha kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya nchi, hadi John o'Groats, ncha ya kaskazini, kwa siku 2, saa 11 na dakika 7. Eileen Gray, aliyeshindana nchini Denmark mwaka 1946 katika timu ya wanawake wa Uingereza, alitumia miaka iliyofuata kudai kwamba wanawake wapewe mbio zao, rekodi zao na ubingwa wao. Baadaye alikuwa rais wa shirikisho la mchezo wa baiskeli la Uingereza kuanzia mwaka 1976 hadi 1986.

Madai ya aina hiyo yalizaa matunda katika mbio za barabarani mapema kuliko katika saiklokrosi. Mwaka 1958 ubingwa wa dunia wa barabarani wa wanawake ulifanyika Reims nchini Ufaransa, ambako Elsy Jacobs wa Luxembourg alishinda. Mbio za barabarani za wanawake ziliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 jijini Los Angeles, na mshindi alikuwa Connie Carpenter wa Marekani. Saiklokrosi ilibaki nyuma. Hata hivyo, mwanachama wa kike aliyeshindana barabarani majira ya joto hakuwa na sababu ya kuiweka baiskeli darini ilipofika Septemba. Wenzake wa klabu walielekea kwenye tope, naye angeweza kuelekea huko.

3.0 Saa na Tope

Mwanamke wa klabu aliyejulikana zaidi nchini Uingereza katika karne ya 20 ni Beryl Burton wa Morley Cycling Club, mkoani Yorkshire. Alibaki mwanamichezo wa ridhaa maisha yake yote na aliwahi kufanya kazi katika shamba la mboga la mwanachama mwenzake wa klabu. Alikuwa bingwa wa dunia mara 7: mara 5 katika mbio za kufukuzana uwanjani na mara 2 barabarani, mwaka 1960 na 1967. Tukio lake mashuhuri kuliko yote, hata hivyo, lilitokea katika mbio za nyumbani. Mnamo Septemba 1967, katika mbio za saa 12, Burton alimfikia na kumpita Mike McNamara, mwanaume aliyekuwa anaelekea kuweka rekodi ya taifa ya wanaume siku hiyohiyo. Alipompita alimpa peremende. Burton alimaliza akiwa ameendesha maili 277.25, sawa na takriban kilomita 446. McNamara alimaliza na maili 276.52. Kwa miaka 2 rekodi ya wanawake ilikuwa juu ya rekodi ya wanaume, na kama rekodi ya wanawake ilidumu miaka 50.

Kisa cha Burton kinafaa kulinganishwa na saiklokrosi kwa sababu ya asili ya kipimo chake. Katika mbio dhidi ya saa, kila mshindani huanza peke yake kwa dakika yake na kipimo ni umbali au muda. Mwandaaji anaweza kuwapanga wanawake mwishoni, anaweza kuwapa kikombe kidogo, anaweza hata kusahau kuwapiga picha. Lakini maili 277.25 ni maili 277.25. Namba hiyo hubeba ushindi wake yenyewe kutoka barabara moja hadi nyingine na kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Miongo kadhaa baadaye, msomaji anaiona na kuielewa bila kuambiwa nani alikuwapo.

Saiklokrosi haina namba ya namna hiyo. Njia hubadilika kutoka uwanja hadi uwanja, na njia moja hubadilika kutoka saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kwa kuwa majani yaliyokuwa mabichi hugeuka matope baada ya mamia ya matairi kuyapita. Muda wa mzunguko mmoja wa dakika 7 hauna maana nje ya siku hiyo na mahali hapo. Umbali nao hausemi chochote, kwa kuwa idadi ya mizunguko huamuliwa siku ileile kutokana na kasi ya mizunguko ya mwanzo. Kinachobaki ni nafasi: nani alikuwa wa kwanza, nani wa pili, miongoni mwa nani.

Maneno haya ya mwisho, miongoni mwa nani, ndiyo kiini cha tatizo. Mwanamke aliyemaliza wa 38 katika mbio za washindani 60 waliochanganyika huwa mshindi endapo tu mtu fulani ataamua kuwatenga wanawake katika orodha na kuandika namba 1 mbele ya jina lake. Asipofanya hivyo, karatasi itasema kwamba alikuwa wa 38. Mwili uliofanya kazi ni uleule na tope ni lilelile, ila katika hali ya kwanza historia inampata mshindi, na katika hali ya pili inampata mtu wa katikati ya orodha. Burton hakuhitaji hisani ya mwandishi wa matokeo kwa kiasi hicho. Mwanamke wa saiklokrosi aliihitaji.

4.0 Mstari Mmoja wa Kuanzia

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, ni vyema kueleza namna mbio za kawaida za ligi za Uingereza zinavyoendeshwa. Ligi za kimikoa huanza Septemba na kuendelea hadi Januari au Februari, kila wiki katika bustani ya umma, uwanja wa shule au shamba. Siku moja huwa na mbio kadhaa: za watoto, za vijana, za wakongwe, za wanawake, na za wanaume wa daraja la juu ambazo kwa kawaida huwekwa mwishoni. Katika ligi nyingi wanawake wamekuwa wakiwekwa pamoja na wanaume wakongwe, ama kwa kuanza nao kwa pamoja ama kwa kuanza muda mfupi baada yao. Sababu inayotolewa ni ya kiutendaji. Mchana wa majira ya baridi ni mfupi, wasaidizi ni wa kujitolea, na mbio ya watu 12 huchukua muda uleule wa uwanja unaochukuliwa na mbio ya watu 80.

Mpangilio huu una athari tatu kwa ushindi wa mwanamke.

Athari ya kwanza iko kwenye kuanza. Njia ya saiklokrosi huanza kwa upana na baada ya mita chache husinyaa. Anayefika kwenye msinyao akiwa mbele huendesha. Anayefika nyuma husimama, hushuka na kusubiri. Wanawake wawili wenye uwezo sawa, mmoja akipangwa safu ya pili na mwingine safu ya tano, hutenganishwa mara moja na wanaume ambao hawana sehemu katika ushindani wao. Sekunde 20 zinazopotea hapo hazitokani na udhaifu wa mguu, wala hazionekani katika karatasi ya matokeo.

Athari ya pili iko katikati ya mbio. Mwanamke anayeongoza wenzake huenda asijue kwamba anaongoza. Mbele yake kuna wanaume, nyuma yake kuna wanaume, na yule anayemfuata anaweza kuwa amefichwa na kona mbili. Taarifa humfikia kwa sauti ya mwanachama mwenzake aliyesimama nje ya utepe. Mbinu za ushindani, yaani kujua lini kushambulia na lini kutunza nguvu, hutegemea kumwona mpinzani. Mbio za mchanganyiko humnyima mshindani nafasi hiyo, na ushindi hugeuka kuwa jambo linalogundulika baada ya kumaliza.

Athari ya tatu ndiyo isiyojulikana sana, nayo inahusu kupitwa mzunguko mzima. Katika mbio za klabu, mshindani aliyepitwa mzunguko mzima na kiongozi kwa kawaida haondolewi. Hata hivyo mbio zake huisha anapovuka mstari mara ya kwanza baada ya kiongozi kumaliza. Chukua mfano wa kinadharia. Mwanamke wa kwanza na wa pili wametengana kwa sekunde 20. Kiongozi wa wanaume, akiwa katika mzunguko wake wa mwisho, anampita mwanamke wa pili lakini hamfikii wa kwanza. Mwanamke wa kwanza anavuka mstari kabla ya kiongozi huyo, hivyo analazimika kuendesha mzunguko mmoja zaidi. Wa pili anavuka baada ya kiongozi, na mbio zake zinaishia hapo. Karatasi itaonesha kwamba wa kwanza alishinda kwa mzunguko mzima, jambo linalodokeza tofauti kubwa ya uwezo. Kilichotokea ni kwamba wanawake hao walikuwa wanakabana, na mwanaume asiyewahusu ndiye aliyeukatisha ushindani wao. Mtafiti asiyejua kanuni hii atasoma karatasi hiyo vibaya.

Ipo hoja ya upande wa pili, na haifai kupuuzwa. Mbio za mchanganyiko zina faida kwa mwanamke wa klabu. Humpa watu wa kufukuza na kufukuzwa nao kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilhali mbio ya wanawake 6 katika njia ya kilomita 2.5 inaweza kumwacha kila mmoja akiendesha peke yake. Mbio za Three Peaks za Yorkshire, zilizoanzishwa mwaka 1961 na John Rawnsley na zinazopita milima ya Ingleborough, Whernside na Pen-y-ghent, huwaanzisha washindani kwa pamoja, nazo ni miongoni mwa mbio zinazoheshimiwa sana nchini humo. Hivyo, makala hii haidai kwamba mstari mmoja wa kuanzia ni dhuluma kwa asili yake. Inachodai ni kwamba mstari huo hubadilisha maana ya ushindi, na kwamba mabadiliko hayo sharti yahesabiwe na anayeandika historia.

5.0 Mwaka 2000 na Wanawake Waliokwisha Kuwapo

Ubingwa wa Sint-Michielsgestel wa mwaka 2000 ulitoa washindi watatu: Hanka Kupfernagel wa Ujerumani, Louise Robinson wa Uingereza na Daphny van den Brand wa Uholanzi. Robinson ni binti wa Brian Robinson, mwendeshaji kutoka Yorkshire aliyekuwa Mwingereza wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, mwaka 1958. Medali yake ya fedha imezoeleka kutajwa kama tukio la kushangaza la mwanzo wa enzi mpya. Makala hii inaisoma kama hitimisho la kipindi kilichotangulia. Mwanamke hawezi kuwa wa pili duniani katika mchezo wa kushuka, kubeba na kupanda baiskeli kwa kasi bila kuwa amejifunza ufundi huo kwa miaka mahali fulani. Na kabla ya mwaka 2000 mahali hapo hapakuwa ubingwa wa dunia. Pamoja na mbio za kimataifa zilizokuwapo, palikuwa viwanja vya ligi na ubingwa wa taifa. Isla Rowntree, anayejulikana zaidi leo kama mwanzilishi wa kampuni ya baiskeli za watoto ya Islabikes, naye alikuwa bingwa wa taifa wa saiklokrosi zaidi ya mara moja. Kizazi hicho hakikuwa kinasubiri langoni.

Maelezo ya kawaida ya ucheleweshaji wa miaka 50 ni kwamba mchezo ulionekana kuwa mgumu mno, mchafu mno, au wenye washindani wachache mno wa kike. Maelezo hayo yanakosa nguvu yakilinganishwa na mbio za baiskeli za milimani. Mchezo huo, ambao ni mdogo sana kwa umri na ambao nao hufanyika kwenye tope na mawe, ulikuwa na ubingwa wa wanawake tangu ubingwa wake rasmi wa kwanza wa dunia, uliofanyika Durango, Colorado, mwaka 1990, ambako Juli Furtado wa Marekani alishinda mbio ndefu za wanawake. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia Olimpiki kwa wanaume na wanawake pamoja. Hivyo, ugumu wa ardhi haukuwa kizuizi. Tofauti ilikuwa katika taasisi. Mbio za milimani zilianzishwa wakati ambapo kuwapo kwa daraja la wanawake lilikuwa jambo la kutarajiwa, ilhali saiklokrosi ilirithi ratiba iliyopangwa mwaka 1950 na haikuweka humo mbio za wanawake kwa nusu karne.

Baada ya mwaka 2000 madaraja yaliongezeka polepole. Kwa miaka mingi ubingwa wa dunia ulikuwa na mbio moja tu ya wanawake, na wasichana walishindana humo na watu wazima. Marianne Vos wa Uholanzi aliposhinda mwaka 2006 mjini Zeddam alikuwa na umri wa miaka 18. Daraja la wanawake wa chini ya miaka 23 lilianzishwa katika ubingwa wa Heusden-Zolder nchini Ubelgiji mwaka 2016, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Evie Richards wa Uingereza. Daraja la wasichana vijana lilifuata mwaka 2020 mjini Dübendorf, Uswisi, ambako Shirin van Anrooij wa Uholanzi alishinda. Muda wa mbio za wanawake nao, ambao ulikuwa dakika 40, ulipandishwa hadi karibu dakika 50, ilhali wanaume huendesha dakika 60.

Mfano wa Helen Wyman unaonesha kwamba wahusika wenyewe walitambua uhusiano kati ya uwanja mdogo na uwanja mkubwa. Wyman alikuwa bingwa wa Uingereza mara 10, bingwa wa Ulaya mwaka 2012 na 2013, na mshindi wa medali ya shaba katika ubingwa wa dunia wa mwaka 2014 mjini Hoogerheide. Alitetea usawa wa zawadi na wa masharti katika ngazi ya kimataifa. Hata hivyo, kampeni yake iliyogusa zaidi mizizi ya mchezo ilihusu ubingwa wa taifa wa wasichana: aliweka lengo la kuwafikisha wasichana 100 kwenye mstari wa kuanzia, na ada za washiriki zikagharamiwa ili ada isiwe sababu ya kubaki nyumbani. Katika kampeni hiyo Wyman hakuanza kwa kumtafuta bingwa. Alianza kwa kuutafuta mstari wa kuanzia uliojaa, kwa kuwa idadi ya wanaoanza ndiyo inayoamua kama mwandaaji atawapa mbio yao wenyewe, na mbio yao wenyewe ndiyo inayoamua kama ushindi utaonekana.

6.0 Namna ya Kusoma Karatasi ya Matokeo

Kutokana na uchambuzi huu, karatasi ya matokeo ya mbio ndogo inapaswa kusomwa kwa maswali manne. La kwanza: wanawake walianza lini na pamoja na nani? La pili: waliendesha kwa muda gani, na je, idadi ya mizunguko yao iliamuliwa na kiongozi wao au na mwanaume? La tatu: walikuwa wangapi? La nne: walioandika matokeo waliwatenga kama kundi, au waliwaacha ndani ya orodha moja?

Swali la tatu linahitaji tahadhari. Ni rahisi kuona kwamba mshindi aliwashinda wanawake 4 tu na kuudharau ushindi wake. Dharau hiyo hukosea mahali pa kuelekeza lawama. Idadi ndogo ya washindani ni taarifa kuhusu saa iliyopangwa, ada iliyotozwa, madaraja yaliyokuwapo na nani alibaki na watoto asubuhi ya Jumapili. Mshindi alishindana na waliokuwapo, kama afanyavyo kila mshindi. Zaidi ya hayo, katika mbio za mchanganyiko aliwapita pia wanaume kadhaa ambao karatasi haimpi sifa kwa kuwapita.

Swali la nne ndilo linalomhusu mtafiti moja kwa moja. Kadiri vifaa vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye kifundo cha mguu vilivyochukua nafasi ya mtunza saa mwenye kalamu, ndivyo ilivyokuwa rahisi kutoa matokeo ya kila kundi kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo, kumtenga mwanamke wa kwanza kulihitaji mtu, katikati ya mvua na namba zilizofunikwa na tope, aone kwamba kazi hiyo ina maana. Kila karatasi ya zamani yenye mstari unaomtaja mshindi wa kike ni ushahidi wa mambo mawili: mwanamke aliyeshinda, na mwanachama mmoja wa klabu aliyeona kwamba ushindi huo unastahili mstari wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejadili kwamba ushindi wa mwanamke katika mbio za saiklokrosi za klabu ni sehemu ya msingi ya historia ya mchezo huo, wala si kiambatisho chake. Imebainika kwamba saiklokrosi, tofauti na mbio dhidi ya saa, haina kipimo kinachojitegemea, na kwa hiyo mshindi hupatikana au hupotea kutokana na uamuzi wa kupanga na kuandika. Imebainika pia kwamba ubingwa wa dunia wa mwaka 2000 uliwakuta wanawake wakiwa na ufundi uliojengwa katika viwanja vidogo, na kwamba ucheleweshaji wa miaka 50 hauelezeki kwa ugumu wa mchezo.

Matokeo haya yana maana nje ya Uingereza. Popote ambapo michezo ya wanawake ilianza ndani ya mashindano ya wanaume, iwe ni mbio za miguu za shule au za baiskeli za vijijini, mtafiti atakutana na orodha zilizochanganyika na washindi waliozikwa katikati yake. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa mshindi wa kike wa mbio za klabu, haki hiyo ni ndogo na inawezekana kutolewa: jina lake, idadi ya aliowashinda, na maelezo ya namna alivyoanza.